Punguzo la Majini

Shikamoo Mjomba,

Ujumbe wako wa sauti umefika, pamoja na jogoo aliyekuwa akiwika nyuma yako. Umeuliza mambo matatu. Kwanza, lile ghorofa jeupe nyuma yetu kwenye picha ni hoteli au ni meli? Pili, je, ni kweli alivyokwambia Shangazi kwamba tumeshalipia safari nyingine kabla ile ya kwanza haijaisha? Tatu, kama hilo la pili ni kweli, imekuwaje kwenye daftari la michango ya harusi ya mdogo wangu mbele ya jina langu bado pameandikwa "ahadi" tangu mwezi wa pili? La kwanza: ni meli. La pili: ni kweli. La tatu lina maelezo, na maelezo yenyewe yamo ndani ya la pili, kwa hiyo agiza kahawa kabisa, maana barua hii si fupi.

Nakuandikia wewe, si Shangazi, kwa sababu ulikaa bandarini Kigoma miaka yote ile ukikata tiketi, na swali lako ni la mtu wa kazi: "Abiria gani anakata tiketi ya kupanda tena wakati bado hajashuka?" Kwenye meli yenu ya Liemba hayo hayakuwepo. Abiria akifika Kasanga anamshukuru Mungu, anahesabu magunia yake, na habari ya safari nyingine hataki kuisikia mpaka msiba au biashara imlazimishe. Huku wenye meli wanakuwahi mapema. Wanajua kwamba ukishafika nyumbani ukakuta bili ya umeme inakusubiri, akili itakurudia.

Sisi wa Houston bandari yetu ni Galveston, kisiwani, kwenye Ghuba ya Meksiko, mwendo wa kama saa moja kwa gari. Kwa wingi wa abiria wa meli za kitalii Marekani, Galveston inashika nafasi ya nne, nyuma ya ndugu watatu wa Florida: Miami, Port Canaveral na Port Everglades. Ukifika unaiona meli kabla hujaiona bahari, imesimama mwisho wa mtaa kama jengo la mkoa. Yetu haikuwa hata katika zile kubwa. Kubwa zenyewe ni kina Icon of the Seas, iliyoanza kazi Miami Januari 2024: urefu wake unakaribia mita 365, na ikijaa kabisa inachukua abiria zaidi ya elfu saba. Liemba yako ina mita 71 na kidogo. Usinune. Nakupa la kuongea barazani: uwanja wa Meyer Werft wa mji wa Papenburg, Ujerumani, ulioiunda Liemba mwaka 1913 ikiitwa Graf von Goetzen, kabla haijafunguliwa vipande, ikatiwa kwenye makasha na kusafirishwa kupitia Dar es Salaam hadi Kigoma, ndio huohuo uliounda Disney Dream, meli ya kitalii iliyoanza kazi 2011. Ukisema sisi watu wa Tanganyika na Mickey Mouse tumetoka tumbo moja, hakuna wa kukubishia.

Shangazi yeye aliuliza habari ya maboya kabla ya habari ya chakula, na mtu wa nchi yetu, aliyesikia habari za meli kuzama, anajua kwa nini. Mwambie yapo, hata ya watoto, na kwamba meli haiondoki mpaka kila abiria ameonyeshwa kituo chake cha kukusanyikia na kadi yake imesomwa na mashine. Asiyefika anaitwa kwa jina kwenye vipaza sauti. Jina la ukoo wetu liliitwa mara mbili, kwa lafudhi ya Kifilipino, likasikika hadi kwenye bwawa la kuogelea. Mama watoto alikuwa kwenye bufee anahakikisha kwamba nanasi ni bure kweli.

Safari ilikuwa ya siku tano: Galveston, Progreso, Cozumel, halafu nyumbani. Na usidhani Meksiko imewekwa kwa ajili ya urembo tu. Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayozuia meli zenye bendera za kigeni kufanya biashara ya kusafirisha abiria baina ya bandari za Marekani zenyewe kwa zenyewe, na hizi meli za kitalii karibu zote hupeperusha bendera ya Bahamas, Panama, Malta au kwingineko ambako kodi haina makali. Kwa hiyo meli ikitoka Galveston ikitaka kurudi Galveston, lazima ikaguse ng'ambo kwanza. Sisi tunadhani tumetembezwa, kumbe tumesindikiza makaratasi. Tena pale Progreso bahari ina kina kifupi mno, ikabidi wajenge gati la zaidi ya kilomita sita kwenda kuifuata meli huko iliko. Unashuka melini, unapanda basi, basi linakwenda na kwenda juu ya maji, kulia pweza, kushoto pweza, na bado hujafika Meksiko.

Sasa pesa. Mjomba, melini hakuna pesa. Siku ya kupanda unapewa kadi inayofungua mlango wa chumba, na kadi hiyohiyo imefungwa kwenye akaunti yako ya benki. Soda, unagusisha. Picha ya familia mliyopigwa kwenye ngazi mkiwa mmeshikilia usukani wa bandia, unagusisha. Mashine inalia *tii*, mhudumu anatabasamu, hakuna noti iliyotoka mfukoni, kwa hiyo moyo hauna taarifa. Maduka ya saa na manukato, pamoja na kamari, hufungwa meli ikiwa bandarini na kufunguliwa ikishatokomea baharini, mbali na watoza ushuru na mbali na jamaa yeyote anayeweza kukushika mkono akakwambia, ndugu yangu, rudi chumbani.

Nisije nikasahau chumba. Cha kwetu kilikuwa cha ndani, yaani hakina dirisha. Ukizima taa hujui kama ni saa sita ya mchana au ya usiku. Kina vitanda viwili chini, na viwili vinateremka kutoka darini jioni, mhudumu akivifungua kwa ufunguo. Humo ndimo tulimolala watu wanne, na kila jioni tulikuta taulo limekunjwa umbo la mnyama: tembo, nyani, siku moja mnyama ambaye hatukumtambua, watoto wakasema ni mimi.

Haya, kaunta ya kukatia safari ijayo. Iko ghorofa ya tano, baina ya duka la saa na mahali pa kahawa, ili uipite utake usitake. Meza mbili, bakuli la peremende, na skrini inayoonyesha meli nyingine zikipita mbele ya milima ya barafu. Siku ya kwanza hapakuwa na mtu. Siku ya pili alikuja mmoja kuuliza choo kiko wapi. Siku ya mwisho, ile ya kutwa nzima baharini, foleni ilianzia kaunta, ikapita duka la saa, ikapinda kwenye lifti. Wenye meli si wajinga. Hawakuulizi kama utarudi siku ile unapoburuta masanduku na kutafuta chumba. Wanakuuliza ukiwa hujaosha sahani siku tano. Kitanda unatandikiwa na mtu mwingine, na kule ghalani, wanakokulipa kwa saa ubebe maboksi, watakutegemea tena Jumatatu alfajiri. Mtu wa hali hiyo ukimuuliza, "Ungependa kurudi?", hujamuuliza swali. Umemfinya.

Kabla ya kujipanga, nilipata ushauri wa bure. Kwenye bufee kulikuwa na kijana ambaye beji yake, chini ya jina, iliandikwa Kenya. Alitusikia tukigombana kwa Kiswahili juu ya mbuzi, akacheka mpaka akaweka sinia chini. Mtu wa Likoni. "Nyinyi Wabongo hamuwezi kula bila ya kuongea," akasema. Yeye hajakata tiketi ya kwenda popote. Yuko pale kwa mkataba, miezi kadhaa moja kwa moja, anatuma nyumbani. Ila kaunta ile anaijua. "Mzee, kama wataka kukata nyengine, nenda sasa hivi watu wakila. Jioni hapapitiki. Na kabla hujaambiwa lolote, uliza kama pesa yarudi. Ukijua yarudi, mengine yote ni porojo." Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba wale wa kaunta wana kamisheni yao, kwa hiyo nisije nikadhani lile tabasamu ni la dini.

Sasa sikiliza, Mjomba, maana hapa ndipo penye utaalamu, na wewe ndiye pekee katika ukoo utakayeuthamini. Bei ya safari yenyewe unayouziwa pale majini kwa kawaida ni ileile utakayoikuta kwa wakala au mtandaoni siku hiyo. Watu wengi hawalijui hilo. Wanadhani katikati ya bahari kuna bei ya siri. Hakuna. Kinachotofautiana ni vikolombwezo: kianzio kinakuwa kidogo kuliko cha nchi kavu, au unapewa salio la kutumia melini safari ijayo, au vyote viwili. Kila kampuni ina mtindo wake. Royal Caribbean huduma hiyo wanaiita NextCruise. Norwegian ya kwao, kama shati lililogeuzwa, wanaiita CruiseNext. Disney wao wana mtindo wa kukuwekea nafasi kwa dola 250 bila kuchagua tarehe, halafu ukija kuchagua safari ndani ya muda wao unapunguziwa asilimia 10 kwa safari nyingi, na kwa bei za Disney asilimia 10 si ya kuchezea, ni sherehe ya ubarikio.

Sisi kampuni yetu siitaji, nisije nikakosa hilo salio. Walitaka dola 100 kwa kichwa, vichwa vinne, dola 400, ambayo kwa shilingi za nyumbani ni kama milioni moja. Hatukutakiwa kuchagua meli wala mwezi. Tuna miaka miwili ya kuamua. Tukiamua safari ya siku saba au zaidi, tunapata salio la dola 150 kwa chumba. Tusipoamua, pesa inarudi. Niliuliza hilo la kurudi mara tatu, kwa Kiingereza cha namna tatu, mpaka binti wa kaunta akanigeuzia skrini nisome mwenyewe. Nikaisoma kidole kikiwa juu ya mstari, kama ulivyokuwa ukisoma orodha ya mizigo. Inarudi.

Ungemwona mama watoto. "Tumeokoa dola 150," akasema.

Nikamuuliza ziko wapi.

"Zimo melini."

Nikamwambia tumetoa dola 400. Akasema hizo hazijatoka, zimepumzika. Kijana wetu mdogo, ambaye alikuwa akila peremende za bakuli kana kwamba nazo zimo kwenye mkataba, akauliza: kama tukikata safari mbili, si tutaokoa dola 300? Binti wa kaunta akamtazama kwa mapenzi ambayo hata mimi mzazi sijawahi kumtazama nayo. Huyu mtoto ndiye tunayemtegemea awe mhasibu.

Mbele yetu kwenye foleni walikuwa bibi na bwana wa Texas, wastaafu, shingoni wamevaa kamba za kadi zilizojaa vibeji vya safari. Mzee yule alinieleza kwa fahari kwamba wana safari tatu zimewekwa mbele yao, na kila wanapopanda moja wanakata nyingine, ili mlolongo usikatike. "Hatujalipa bei kamili tangu nistaafu," akasema. Mkewe akaongeza kwamba nyumba kubwa waliiuza. Niliwaheshimu sana. Ni watu ambao wameokoa mpaka hawana pa kuweka.

Mjomba, ukitaka kuielewa biashara hii bila kupanda meli, chukua kadi ya mchango wa harusi. Kamati haikuombi pesa siku ya kwanza, inakuomba ahadi. Ukishaandikwa daftarini umekwisha. Mweka hazina ana namba yako, na kuanzia hapo kila salamu yake ina tarehe ya mwisho ndani yake. Kianzio cha meli ni ahadi iliyolipiwa kidogo. Kampuni haishughuliki na zile dola 400, hizo ni za uji. Inachonunua ni jina langu daftarini kwa miaka miwili. Na mwezi haujapita bila barua pepe: "Safari yako inakungoja." Safari gani, sijachagua! Sauti ni ya mwenyekiti wa kamati kabisa, limebaki neno "tukumbushane" tu.

Hata singo na dabo wanazo. Bei zote za matangazo ni za mtu mmoja aliye katika chumba cha watu wawili. Dabo ndiyo mfumo wao. Ila kwenye harusi kapera mwenye kadi ya singo analipa pungufu, akala, akaondoka na chupa mezani. Melini kapera akitaka chumba peke yake mara nyingi analipa karibu sawa na wawili, yaani analipia na ule upande wa kitanda ambao hakuna aliyelala. Wenye nafuu ni familia, kwa sababu mtu wa tatu na wa nne katika chumba kimoja kwa kawaida hutozwa kidogo kuliko wale wawili wa kwanza. Ndiyo maana tunasafiri na watoto. Wao wanadhani ni mapenzi.

Sasa mambo ambayo skrini ya kaunta haiyaweki kwa herufi kubwa. Bakshishi ya wahudumu hutozwa kwa kila kichwa kwa kila siku, na mtoto ana kichwa. Kodi na ada za bandari, kampuni nyingine huziweka pembeni. Maegesho ya gari Galveston, yasikie hivyohivyo: gari letu lilikaa siku zile bila kufanya kazi yoyote na likalipwa, kwa maana ya kulipiwa. Halafu lile salio la dola 150 halilipii nauli. Linalipia vya melini tu, ile soda na ile picha ya usukani, na likibaki, mara nyingi halirudi nawe nyumbani. Kwa hiyo siku ya mwisho ya safari ijayo utamwona mama watoto akikimbia dukani kumalizia dola 11 kwenye kofia ya dola 29.

Lakini lipo moja zuri ambalo nalo hawalitangazi. Kati ya siku unayoweka nafasi na siku ya kumaliza deni, ambayo kwa kawaida huwa miezi miwili mitatu kabla ya kuondoka, bei hupanda na kushuka kama ya dagaa. Ikishuka, na masharti ya nauli yako yakiruhusu, unawapigia, unawaomba wakupe bei mpya, na kile kikolombwezo chako cha majini mara nyingi unabaki nacho. Ukinyamaza, wananyamaza. Jirani yetu mmoja wa ghorofa ya juu, Mkongo wa Lubumbashi, alikaa kwenye simu akisikiliza muziki wa kusubiri mpaka akajua mahali ambapo filimbi inaingia, ila akatoka na nafuu ya dola 220. Mke wake anasema hajawahi kumwona akiwa mvumilivu vile katika jambo lolote la nyumbani. Vilevile unaweza kuihamishia nafasi yako kwa wakala wa mtaani ndani ya muda wanaoruhusu, naye akakuongezea chochote kutoka kwenye kamisheni yake. Kwa hiyo anayekata majini, akahamishia kwa wakala, kisha akafuatilia bei kila wiki, huyo anaokoa kweli. Ni kazi ya pili, lakini huku nani hana kazi ya pili?

Msimamo wangu ni huu, na niliusema mbele ya watu kwenye nyama choma ya Wabongo wa Houston: mtu ambaye angesafiri kwa vyovyote vile, na kianzio chake kinarudi, akate majini bila kusita, maana anapewa kitu kwa jambo ambalo alikuwa alifanye bure. Mtu ambaye hakuwa na mpango wa safari, hajapunguziwa chochote, ameuziwa mpango. Nilidhani nimesema jambo la busara. Wakanijibu kwa kuunda kamati. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na kundi la simu lenye picha ya meli, wakasema tukienda vyumba vingi tutabembelezewa bei. Jioni hiyohiyo orodha ya ahadi ilianza kutembea. Namba moja ni mtu ambaye bado hajamaliza mchango wa msiba wa mwaka jana. Namba nne ni mimi, sijui nani aliniandika.

Bei nazo zina misimu, na hapa ndipo ndoa inapoingia majaribuni. Msimu wa vimbunga Atlantiki huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na Septemba, watoto wakiwa wamerudi shule na mbingu zikiwa na hasira, ndipo bei zinapolala chini kabisa. Mimi nilitetea Septemba. Mama watoto akaniuliza kama nakusudia kuokoa dola au kuokolewa. Wakati wa likizo za shule bei inapanda mpaka ile dola 150 inaonekana kama chenji ya daladala. Kwa hiyo mwenye watoto wanaosoma anapewa punguzo kwa mkono wa kulia na kalenda inalichukua kwa mkono wa kushoto.

Kuhusu mchango wa harusi, Mjomba, nadhani sasa umeelewa. Zile dola 400 si kwamba nilikuwa nazo nikaona bora bahari kuliko mdogo wangu. Ziligusishwa, *tii*, zikaenda. Mwambie mwenyekiti mchango wangu utakuja mwisho wa mwezi huu, dabo, na wa sendofu utafuata. Asijaribu kunipigia saa zenu za asubuhi, huku ni usiku wa manane. Na akitaka kunibadilishia kutoka "ahadi" kuwa kitu kikali zaidi, mwambie kwamba hata kampuni ya meli, pamoja na ukubwa wake wote, imenipa miaka miwili.

Kilichobaki ni kuchagua safari yenyewe, na hapo hatujapatana. Mama watoto anataka Alaska, akaone barafu ikidondoka, ingawa meli za huko wengi huzipandia Seattle au Vancouver na nauli ya ndege kwa watu wanne inameza kile kisalio pamoja na sahani yake. Binti mkubwa yuko upande wa mama, kwa sababu ya nyangumi. Mimi nataka tuondokee hapahapa Galveston, ambako gari tunalijua na maegesho tumeshayalilia. Mdogo anataka meli yoyote iliyo na mabomba ya kuteleza kwenye maji, na kwa kuwa moja ya hizo inaondokea Galveston, tumeungana, muungano wa mashaka kama miungano mingine. Jana usiku tukapiga kura kwenye vipande vya karatasi, tukatia ndani ya kofia. Mdogo ndiye aliyehesabu, sababu ndiye pekee anayeaminiwa na pande zote. Alaska kura mbili, Galveston kura mbili. Akazihesabu upya, akaomba kalamu, akaandika pembeni, kisha akatangaza kwamba washindi ni wote wawili, tukate zote, na kwamba familia itakuwa imeokoa dola 300.

Mama yake anaipitia hiyo hesabu mpaka ninapoandika hivi, na bado hajaona kosa.

Wasalimie wote,
Mpwa wako